Shangazi, mshahara wangu unaishia kwenye tangi la gari

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi nikuletee langu. Nina miaka 38, nimeoa, tuna watoto wawili. Kutoka nyumbani hadi kazini kwangu ni kilomita 34, naenda siku tano kwa wiki. Gari langu ni dogo, la petroli, cc 1500, gia za mkono. Kwa wiki nanunua karibu lita 35, na siku za mapumziko gari halitoki. Mafuta yakipanda bei kidogo tu, bajeti nzima ya nyumba inayumba. Mwezi uliopita nilikopa hela ya mafuta kwa mwenzangu wa kazini. Sijawahi kujisikia vibaya kiasi kile.

Si kwamba sijajitahidi. Najaza alfajiri, maana nimeambiwa petroli ikiwa baridi unapata nyingi zaidi. Sijazi tangi, naweka nusu au chini ya hapo ili gari liwe jepesi. Nimenunua chupa mbili za dawa ya kumimina kwenye tangi, na kuna wakati niliweka petroli ile ya bei ya juu. Karibu na nyumbani kuna mteremko mrefu. Hapo naweka nyutro, na nikiona barabara tupu nazima kabisa injini, gari linajiendea lenyewe. Pamoja na hayo yote sioni tofauti.

Asubuhi naliacha gari liungurume dakika kumi lipate moto, kama baba alivyonifundisha. Njiani kuna kipande cha kilomita 20 hivi ambacho ni wazi, na kwa kuwa mara nyingi nimechelewa kutoka, hapo nafika 120. Jioni nampitia mke wangu kazini kwake. Ni njiani, lakini anatoka baada yangu, kwa hiyo namsubiri kwenye gari kama dakika 25, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu ya joto.

Hapo ndipo tulipokosana. Wiki mbili zilizopita nilimwambia ajitafutie usafiri wake, kwamba kumsubiri kunanimalizia mafuta. Hakunijibu. Tangu siku hiyo anapanda basi, anafika nyumbani giza limeshaingia, na tunaongea yale ya lazima tu. Nakiri nilisema kwa ukali, lakini Shangazi, mafuta nayo kweli yanaisha. Nifanyeje? Niuze gari?

Dereva Aliyechoka

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Gari usiuze kwanza. Ila kuna jambo moja naomba uliache leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma: usizime injini tena kwenye mteremko. Nilipofika kwenye mstari huo nilishtuka, nikakuwaza wewe na wanao. Breki za gari lako husaidiwa na nguvu inayotoka kwenye injini. Ukiizima, msaada huo unabaki wa kukanyaga mara mbili au tatu tu, halafu pedali inakuwa ngumu, na gari halisimami pale ulipotaka. Usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukichomoka unaweza kujifunga kabisa. Mtoto akikatiza barabara wakati huo hutakuwa na cha kufanya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatari hiyo unaibeba bure. Magari yanayotumia mfumo wa sindano za mafuta, na hayo ndiyo karibu yote yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, yana akili yake. Ukiteremka gari likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kabisa kwenye pedali ya mafuta, kompyuta ya injini hukata petroli. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, tone la mafuta halichomwi. Ukiweka nyutro, injini inakosa cha kuizungusha, kwa hiyo lazima ichome mafuta kidogo isizimike. Yaani nyutro uliyoiweka ili uokoe mafuta ndiyo iliyokuwa inayatumia. Teremka kwenye gia ya tatu au ya nne kulingana na ukali wa mteremko, mguu nje ya pedali, na injini yenyewe itakusaidia kulizuia gari.

Sasa tufanye hesabu, maana umeniletea namba na mimi napenda namba. Kilomita 34 kwenda na 34 kurudi ni 68. Kwa siku tano ni 340. Lita 35 kwa kilomita 340 ni zaidi ya lita 10 kwa kila kilomita 100. Mwanangu, hiyo ni nyingi. Gari dogo la cc 1500 lililo zima, likiendeshwa kwa utulivu kwenye njia kama yako, linapaswa kwenda na lita 8, hata chini ya hapo. Ukishuka hadi lita 8, kwa wiki utatumia lita 27 na kidogo, kwa hiyo karibu lita 8 zitabaki mfukoni kila wiki, na mkeo akiwa bado amekaa kiti cha pembeni. Tutaona zinapotelea wapi.

Lakini pima vizuri kwanza, usikisie. Na hapo ndipo tabia yako ya kuweka nusu tangi inakukwamisha, kwa sababu ukinunua kidogo kidogo huwezi kujua umetumia kiasi gani. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha wiki nzima, rudi kwenye kituo kilekile ujaze vilevile, kisha gawa lita ulizoweka kwa kilomita ulizokwenda na uzidishe mara 100. Fanya hivyo kila wiki kwenye daftari. Ule uzito unaouogopa ni mdogo sana: petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo lita 20 pungufu zinapunguza kilo 15 tu. Tena kwa magari mengi pampu ya mafuta imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Ukizoea kuendesha tangi likikaribia kukauka, siku moja utanunua pampu, na nafuu yote uliyoitafuta itaishia hapo.

Nafasi kubwa kuliko zote iko kwenye mguu wako wa kulia. Ngoja nikae hapa kidogo.

Kwenye foleni, angalia mbele ya gari la mbele yako. Kila unapokanyaga breki, unatupa mwendo ambao umeshaulipia mafuta, halafu unanunua mwingine kuanzia sifuri. Ukiona taa nyekundu mita 200 mbele, au msururu umesimama, kuna faida gani ya kukanyaga mafuta ufike haraka kwenye kusimama? Ondoa mguu mapema, liache gari kwenye gia lijisogeze, na mara nyingi utafika wakati magari yameanza kuondoka, hukusimama kabisa. Unapoondoka, ondoka polepole ila usikawie kwenye gia ndogo; badilisha mapema, mshale wa mizunguko ukiwa kati ya 2,000 na 2,500, bila kuifikisha injini mahali pa kutetemeka. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kuendesha kwa pupa, yaani kukimbia, kukanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki kwa ghafla, kunaweza kukupunguzia umbali unaoupata kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni. Hakuna chupa ya dawa itakayokurudishia hizo.

Halafu kile kipande cha kilomita 20. Ukinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo, unakua kwa mraba wake. Gari likienda 120 linasukumana na hewa yenye nguvu karibu mara 1.8 ya ile inayolizuia likienda 90, na kila kilomita unayoisukuma hivyo inalipwa kwa petroli. Unachopata ni nini? Kilomita 20 kwa mwendo wa 120 ni dakika 10. Kwa 90 ni dakika 13 na sekunde 20. Unanunua dakika tatu na ushee kila asubuhi, na bado utazipoteza kwenye taa za mjini. Nchi zimewahi kuliona hili. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Marekani ilipitisha sheria Januari 1974 ya kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, sawa na kilomita 88 hivi. Na Machi 2022, mafuta yalipopanda tena duniani, Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa mpango wa hatua kumi za kupunguza matumizi, na ya kwanza ilikuwa kushusha mwendo kwenye barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa. Wewe huhitaji sheria. Unahitaji kutoka nyumbani dakika tano mapema.

Dakika hizo tano zipo, na umenitajia mwenyewe zilipo. Ni zile kumi unazoungurumisha gari asubuhi. Baba yako hakukudanganya. Alikufundisha kuhusu gari la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, ambalo likiwa baridi lilikuwa linakatika njiani. Lako halihitaji hivyo. Washa, funga mkanda, subiri nusu dakika, ondoka, na kilomita chache za kwanza uende taratibu. Injini inapata joto upesi zaidi ikitembea kuliko ikiwa imesimama.

Kusubiri huku injini inawaka kunachoma zaidi ya unavyofikiri. Injini ndogo hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa gari likiwa halisogei, na kiyoyozi kikifanya kazi inazidi. Chukua dakika 10 za asubuhi na 25 za jioni, zidisha kwa siku tano: ni karibu saa tatu kwa wiki unachoma petroli mahali pamoja. Hizo ni lita mbili, pengine tatu. Ukijua utasimama zaidi ya nusu dakika na hauko katikati ya barabara, zima. Kuliwasha tena kunatumia mafuta yanayolingana na sekunde kumi hivi za kuunguruma.

Kuhusu joto: usiogope kiyoyozi ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, kwa sababu vioo vikiwa wazi hewa inaingia na kulivuta gari nyuma. Kwenye mwendo mdogo, vioo wazi vinatosha. Na gari likiwa limeshinda juani, endesha dakika mbili tatu vioo vikiwa chini, hewa ya moto itoke, ndipo uwashe kiyoyozi, hakitahangaika sana.

Upepo wa matairi upime mwenyewe mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla hujaendesha, kwa sababu tairi lililopata moto linakupa namba ya uongo. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi si ya kuifuata, ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe. Nafuu yake kwenye mafuta si kubwa sana, huenda ikafika asilimia tatu yakiwa yamelegea kweli, lakini matairi yenyewe yatadumu na gari litashika barabara vizuri. Fungua na buti. Kila kilo 45 za vitu visivyo na kazi zinakula kama asilimia moja, na gari dogo linaumia zaidi. Kama una keria juu na huibebeshi kitu, ifungue.

Kwa vile matumizi yako yamezidi kiasi hiki, nenda pia kwa fundi unayemwamini, ila nenda na maswali. Mwambie aangalie kama kuna breki inayoshika. Unaweza kuijua hata wewe: baada ya safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na rimu za magurudumu yote bila kugusa. Ikiwa moja ina moto kuliko nyingine, breki yake haiachii, na wewe unaendesha huku umezuiwa. Muulize kama taa ya injini imewahi kuwaka, kwa sababu sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, ikiharibika kompyuta inaweza kumwaga mafuta mengi kupita kiasi bila wewe kuhisi lolote. Plagi zibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na oili iwe ya namba ileile iliyotajwa humo. Chujio la hewa lisafishwe, ingawa kwa injini za sindano chujio chafu linanyima gari nguvu zaidi kuliko linavyokula mafuta. Mtu akikuambia chujio peke yake litapunguza matumizi kwa robo, muulize amepimaje.

Hayo mengine uliyoyajaribu, achana nayo. Tangi la kituo cha mafuta limefukiwa ardhini, joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana, kwa hiyo lala usingizi wako. Petroli ya bei ya juu ina oktani kubwa, na oktani ni uwezo wa kustahimili mgandamizo bila injini kugonga. Haimaanishi kwamba ina nguvu nyingi ndani yake. Kama kitabu cha gari lako hakiidai, hela hiyo imepotea. Kuhusu zile chupa, Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira limechunguza bidhaa zaidi ya 100 zinazodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na halikukuta inayoleta nafuu ya maana. Sikulaumu kwa kuzinunua. Mtu aliyebanwa hushika chochote anachopewa, na wanaoziuza wanalijua hilo vizuri sana.

Hata ukifanya yote hayo, kilomita 340 zitabaki kilomita 340. Ndiyo maana nataka uulize mambo mawili kazini. La kwanza, kama kazi yako inaruhusu siku moja kwa wiki uifanyie nyumbani. Siku moja kati ya tano ni moja ya tano ya mafuta, na huhitaji fundi kuipata. La pili, nani anatoka upande wenu? Yule mwenzako aliyekukopesha hela ya mafuta, anafikaje kazini? Kama naye ana gari, mnaweza kupokezana: wiki hii lako, wiki ijayo lake, na mafuta ya kila mmoja yanapungua kwa nusu bila mtu kumpa mwenziwe hela. Kama hana gari, achangie mafuta kwa kiasi mlichokubaliana mapema. Nimeendesha kwenda kazini zaidi ya miaka 20, na nimeona ushirika wa namna hii ukivunjika kwa sababu mbili tu: muda na hela. Kwa hiyo semeni wazi tangu siku ya kwanza. Mnamsubiri aliyechelewa dakika ngapi kabla ya kuondoka, mchango unalipwa siku gani, na anayeumwa anatoa taarifa saa ngapi. Mkiona haya kuyasema, mtakuja kugombana, na utarudi kuendesha peke yako.

Na sasa mkeo.

Mwanangu, ulikuwa na jambo zuri mkononi ukaliita hasara. Watu wawili wanaorudi kwa gari moja, njia moja, bila kuzunguka popote, ndio usafiri wa pamoja ambao wengine wanautafuta. Uzito wake kwenye matumizi ya gari ni kitu kidogo mno. Mafuta uliyoyaona yakiisha jioni yaliishia kwenye injini uliyoiacha inawaka, na ufunguo ulikuwa mkononi mwako. Tena tangu aanze kupanda basi nauli yake inatoka kwenye bajeti ileile ya nyumba, wakati gari lako linapita mbele ya ofisi yake likiwa na viti vinne vitupu.

Najua hukusema vile kwa kumchukia. Ulikuwa umebanwa, umekopa, umeona aibu, na ukatupa neno lililokuwa karibu. Yeye hajui habari ya mkopo, sivyo? Katika barua yako sikuona mahali ulipomwambia. Mwambie. Mwombe radhi kwanza bila kutaja lita hata moja, kisha mfungulie daftari hilo la mafuta, mlitazame wote. Huenda ana wazo ambalo wewe na mimi hatujaliwaza. Yeye ndiye anayeijua bajeti ya jikoni.

Halafu badilisha ratiba ya jioni. Badala ya kutoka saa ileile na kwenda kusubiri nje ya ofisi yake, baki kwenye meza yako dakika 25, malizia kazi ya kesho, uondoke kwa wakati utakaomkuta anashuka ngazi. Pengine hata foleni itakuwa imepungua. Na siku ukifika kabla yake, zima gari, shusha vioo, tafuta kivuli usimame chini yake.

Nitapenda kusikia namba ya wiki ya nne.

Shangazi